Halushki za Kinyala

Pale Kinyala, ukisema Mzee Ambindwile amekuwa mwanafunzi, watu watacheka mpaka washike mbavu. Mtu mvi zimefika kwenye nyusi, ana migomba yake, ng'ombe wake wa maziwa na nguruwe bandani, halafu kila jioni akimaliza kukamua anakaa barazani na simu ya mpangaji wake sikioni, anarudiarudia: "Halushki. Brindza. Kapustnitsa." Wanawake waliokuwa wanarudi kuchuma chai walidhani ananena kwa lugha. Mmoja akamwuliza mkewe kama mzee amehamia makanisa ya kupiga kelele. Binadamu hawana dogo, jamani.

Lakini nakuomba usimcheke, angalau kwanza nikueleze.

Mzee Ambindwile na mkewe Esnath walikuwa na binti mmoja tu, Doreen. Doreen alipokuwa anafundisha shule ya Kisiba, akaja kijana mmoja wa Kislovakia kujitolea kuchimba visima. Kisima kikapatikana na mchumba akapatikana. Wakafunga ndoa kanisani, ng'ombe wa mahari wakatolewa kama kawaida, mzungu wa watu akivuta kamba mwenyewe huku matope yamemfika magotini. Kisha wakaondoka kwenda kwao Ulaya, na huko akazaliwa mtoto wa kike, wakamwita Lusungu. Mtoto huyo aliletwa Kinyala mara moja tu, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Baada ya hapo ikawa simu, na simu zote zilipitia mdomoni mwa Doreen. Babu anasema, Doreen anamgeuzia mtoto. Mtoto anacheka, Doreen anawageuzia wazee.

Mwaka jana Doreen akaugua, akafa, akazikwa hukohuko. Wazee waliweka msiba bila jeneza. Na mdomo ule ulipofungwa, mzee na mjukuu wakabaki wanatazamana kwenye kioo cha simu kama watu wa ng'ambo mbili za mto uliofurika.

Ndipo baba yake Lusungu alipoandika kwa Kiingereza, kupitia simu ya mpangaji, Mwalimu Medard. Mtoto anatimiza miaka kumi. Zawadi anayoitaka ni kuzungumza na babu yake. Mzee aliposomewa hayo alisimama, akakaa, akasimama tena. Mtoto wa Doreen ndicho kitu pekee cha Doreen kilichobaki juu ya ardhi. Akimpoteza na huyo, basi tena.

"Mwalimu," akasema, "nifundishe lugha yao."

Medard ni mtu wa Bukoba, anafundisha baiolojia, na Kislovakia alikuwa hakijui hata kwa harufu. Lakini akatafuta, akapata masomo ya sauti ya wanaojifunza, ya bure. Kulikuwa na somo la salamu, la familia, la hisia, la safari, na la vyakula na vinywaji vya jadi.

"Hilo la mwisho," akasema mzee.

"Mzee, tuanze na familia. Huyu mtoto atakuuliza habari za mama yake."

"Ala! Huko kwenu mnaanza na maswali? Mtu hajatia kitu mdomoni unamwuliza habari za msiba? Mjukuu wangu nitamlisha kwanza. Tukishakula, maneno yatakuja yenyewe."

Na alikuwa hatanii. Nyumbani kwake ndivyo ilivyo: kwanza sahani moja, mikono yote ndani, ndizi za mbalaga zinatoka moshi, kisha ndiyo mtu anafungua moyo. Alikulia hivyo na wenzake wa rika, akamkuza Doreen hivyo. Kwa hiyo akajifunza kula. Akajua kuwa halushki ni vidonge vya unga na viazi vilivyokwanguliwa, vinachemshwa. Akajua brindza ni jibini ya kondoo inayopakwa juu yake, na mafuta ya nguruwe yaliyokaangwa. Kapustnitsa ni supu ya kabichi iliyochachushwa. Zhinchitsa ni maji ya maziwa yaliyoganda, wanayanywa kwenye kikombe cha mti. Hiyo aliipenda, akasema hawa watu ni ndugu zetu kabisa. Palipotajwa pombe yao kali ya matunda akakohoa, maana ni mzee wa kanisa, lakini jina lake alilishika vizuri tu.

Katika somo hilo kulikuwa na sauti ya mama mmoja anauliza, "Nikuongeze?" Majibu yake mawili: *ano*, yaani ndiyo, na *nye*, yaani hapana, nimeshiba. Mzee akaimba *ano* mpaka kuku wakakimbia. Ilipofika *nye* akainua mkono.

"Hilo ruka."

"Ni neno dogo tu, mzee."

"La nini? Toka nizaliwe sijawahi kukataa sahani ya mtu, nianze leo kwa mjukuu wangu? Ruka, mwalimu."

Medard akacheka, akaruka. Laiti angekuwa mbishi kidogo!

Siku ya simu ilipokaribia, mzee akaingia jikoni. Esnath, ambaye tangu aolewe hajamwona mume wake akishika mwiko, akabaki mdomo wazi. "Baba Doreen, umepotea njia?" Hakujibiwa. Mzee akatoboa kifuniko cha kopo kwa msumari, akakwangulia viazi hapo mpaka vidole vikatoka damu. Mtindi akauchuja kwenye kitambaa, ndiyo brindza yake. Kabichi alikuwa ameiloweka kwenye ndoo tangu wiki zilizopita, na harufu yake, we acha tu. Esnath alilalamika, kisha akakaa chini akamsaidia kukoroga. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba wawili hao kucheka chumba kimoja.

Jumapili baada ya ibada, barazani, sahani mezani, mzee ndani ya koti lake la kanisani. Medard akanong'ona, "Kuna programu ya kutafsiri kwenye simu. Niiweke tayari?"

"Usiniwekee mashine katikati yangu na damu yangu."

Medard akaiacha.

Baba mtu akatokea, akasalimia, macho mekundu, akampa mtoto simu, akatoka chumbani. Na huyo hapo Lusungu. Paji la uso la Doreen. Mwanya wa Doreen. Esnath akafunika uso kwa khanga.

"Dedko!" mtoto akaita, yaani babu.

Mzee akainua sahani. "Halushki!" Mtoto akapiga kelele ya furaha. "Brindza!" Mtoto akacheka, akaziba mdomo kwa mkono, vilevile alivyokuwa akiziba mama yake. Mzee akainua kikombe: "Zhinchitsa!" akanywa yote, akafuta midomo, mtoto anaanguka kwa kicheko. Nakwambia, babu yule alikuwa na raha kuliko bwana harusi. Alimtazama Medard kwa jicho la kusema, si nilikuambia?

Kisha mtoto akanyamaza. Akageuka kuutazama mlango, akasogeza uso karibu na simu, akasema jambo polepole. Sauti yake ikapanda mwishoni kama ya yule mama wa kwenye somo.

Anauliza kama aniongeze, akawaza mzee. "*Ano*," akasema.

Lusungu akamkazia macho. Akarudia, neno baada ya neno.

"*Ano, ano!*" Na kichwa akatikisa kwa nguvu, kukubali.

Mtoto akalia na kucheka pamoja, akabusu kioo cha simu. Mzee naye akakibusu. Wiki ile, hata sokoni Tukuyu alijisifu: "Nimeongea na mjukuu wangu. Ameelewa kila kitu."

Raha hiyo haikufika mbali. Medard akarudi kutoka shuleni mchana, hajavua hata viatu, akakaa barazani na simu mkononi. Baba wa mtoto ameandika.

"Soma," mzee akasema.

"Anasema Lusungu alikuuliza kama utakwenda kumchukua, umlete huku nyumbani kwa mama yake. Alikuuliza mara mbili. Mara mbili ukamwambia ndiyo. Amepanga nguo kwenye begi. Kila akitoka shule anavaa koti, anakaa nalo mlangoni, anakungoja. Baba yake amemwambia si kweli, hamwamini. Mtoto anamwambia, ulinidanganya mama atapona, na sasa unanidanganya babu haji. Baba anaomba umwambie wewe mwenyewe. Na anasema mtoto wake hamtoi."

Esnath akatoka jikoni na unga mikononi.

"Basi twende tukamchukue," mzee akasema.

Medard akaeleza: pasi ya kusafiria, kibali, nauli, na sheria, kwamba baba yu hai na mtoto ni wake. Akaeleza taratibu kama anavyowaeleza watoto darasani, na kila alichoeleza kilikuwa ukuta.

"Hata nikiuza ng'ombe?"

"Hata ukiuza na shamba, mzee wangu."

Mzee Ambindwile aliitazama migomba yake. Aliona aibu, maana alikuwa amemfanya mtoto wa Doreen akae mlangoni kungoja mtu asiyekuja. Kisha akasema, "Nifundishe lile tuliloruka."

Yule mama wa kwenye simu akalisema. Ulimi uliomeza kapustnitsa bila taabu ulikwama kwenye silabi moja. Alijaribu, akaacha, akaenda kuwakatia ng'ombe majani, akarudi, akajaribu tena. Medard alitaka kumwandikia maneno mengine, ya pole, ya kueleza. Mzee akakataa. Hatamwambia mtoto tena kitu asichokielewa mwenyewe. Ameshafanya hivyo mara moja.

Akashika simu kwa mikono miwili, arekodi ujumbe wa sauti. "Lusungu," akasema. "*Nye*." Hakuweza kumwacha mtoto na neno hilo peke yake, na mengine hakuwa nayo, kwa hiyo akampa alilonalo, kwa sauti ya kukaribisha: "Halushki?"

Medard akautuma. Alama zikageuka bluu, mtoto amesikia.

Jibu likaja kesho yake, sauti ndogo, kavu, haina kilio. Medard hakuhitaji kutafsiri.

"*Nye*, dedko."

Tangu nyumba ile ijengwe, hakuna mtu aliyewahi kukataa chakula cha Ambindwile. Mzee alimrudishia mwalimu simu yake, akaenda jikoni, akaibeba ile ndoo ya kabichi mpaka bandani, akawamwagia nguruwe.