Baba Alipofagia Barabara

Filimbi ya Baba ilikuwa na sauti nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka, na mwaka ule wa 2015, pale Troyeville, mtaa wa wageni wengi kusini mwa Afrika, hatukutoka nje kabla haijalia. Kila asubuhi alitangulia peke yake mpaka kwenye robot ya chini, zile taa za kuongozea magari, akikagua mapipa ya taka, magari yaliyoegeshwa, na watu waliosimama bila shughuli. Akirudi chini ya dirisha letu alipuliza mara mbili. Hapo tulishuka na kumfuata kwa mstari mmoja, mimi nyuma yake, Mama nyuma yangu na tumbo lake kubwa, tukikanyaga pale pale alipokanyaga. Bi Zuhura, jirani yetu fundi cherehani kutoka Tanga, alichungulia na kucheka: "Haya, bata huyo na vifaranga wake!" Mimi nilifurahi tu. Kichwani mwangu sisi tulikuwa msafara wa meli za kifalme.

Baba alikuwa mvuvi kule Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Vita ilipofika, wanajeshi walisikia kwamba mlango wa bandari umetegwa mabomu chini ya maji, wakachukua mashua za wavuvi kwa kuwa ni za mbao, na Baba wakamfanya nahodha wa mashua ya mbele. Kazi yake ilikuwa kuburuta waya wa chuma ndani ya maji ili unase mabomu, halafu kupuliza filimbi, na mashua nyingine zipite pale pale alipopita. Yeye aliita kazi hiyo kufagia. Alinisimulia vizuri, kwa mikono na midomo, lakini kila alipofika kwa mdogo wake Amisi, nahodha wa mashua ya pili, aliacha hadithi na kuanza kutafuta kitu mfukoni. Mama alinikonyeza nisiulize.

Majani yalipoanza kuanguka, mtaa ulibadilika. Mwenye spaza, kile kiduka cha kona, alishusha mlango wa chuma mapema, jua bado kali. Kijana aliyezoea kunipa pipi alinitazama kama dirisha. Simu za wakubwa zililia, wakasoma habari za wageni kupigwa mitaa mingine, wakazigeuza kifudifudi mezani. Hakuna aliyepigwa mtaani kwetu, hakuna kilichochomwa, na hilo ndilo lililomtisha Baba. Alisema maji ya bandari nayo yalikuwa shwari hivyo hivyo.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Upande wa Bertrams, mtaa wa jirani, kulikuwa na kelele, na harufu ya matairi yaliyoungua iliingia mpaka kwenye mapazia. Mama akashika ukingo wa meza, maji yakamwagika miguuni pake. Baba akavaa viatu. "Kaeni hapa. Nafagia njia ya kliniki kwanza," akasema, akashuka.

Tukasubiri filimbi. Haikulia. Mama aliuma kitambaa, akatembea, akainama. Bi Zuhura akapanda ngazi akihema. "Mama Neema, unangoja nini? Uzalie jikoni?"

"Nangoja Papa Neema."

"Eish, dada! Mtoto huyu hajui filimbi!"

"Na kama wamemkamata? Nikipita njia nyingine, atatutafutia wapi?"

"Akikukuta umekufa ndiyo atakuwa amekupata?"

Mama alinitazama. Kisha akafunga kitenge kiunoni, akanipa begi la nguo za mtoto, akatangulia yeye. Sijawahi kuogopa mgongo wa mtu kama nilivyouogopa ule, kwa sababu mbele yake hapakuwa na Baba.

Tulimkuta kwenye robot. Alikuwa mzima. Barabara ya kwenda kliniki ilikuwa tupu, na tairi moja tu likifuka moshi kando. Amesimama, filimbi iko mdomoni, mashavu yamejaa pumzi, lakini hapulizi.

"Sijamaliza," alisema.

"Umekagua nini muda wote huu?" aliuliza Mama.

Filimbi ikamdondoka. "Nilimpulizia Amisi. Nilimwambia njia ni safi, akaja."

Mama alimshika kidevu kama anavyoshikwa mtoto. "Najua. Nimejua siku zote. Sasa mpokee Neema begi, utembee nyuma yangu."

Akatembea nyuma. Nilimsikia akilia chinichini njia nzima, na hakuna kilicholipuka.

Mdogo wangu alizaliwa kabla jua halijazama, wakampa jina la Amisi. Siku hizi mimi nasuka nywele Yeoville na naota saluni yangu yenye vioo vikubwa. Mtaa wetu wa zamani umepakwa rangi, wanafunzi wamepanga vyumba vyote, na watu husema sasa ni salama. Amisi mdogo anaelewa Kiswahili chote, ila hujibu kwa Kizulu, na hana habari na mistari yetu. Jumapili iliyopita aliona rafiki zake ng'ambo ya barabara, akachomoka mbio. Mkono wa Baba ukaruka kumshika shati, ukasimama hewani, ukarudi polepole mfukoni. Nilitaka kumtania. Ndipo nikaona kwamba mkono wangu mwenyewe bado ulikuwa umenyooka kumzuia.