Sisomei, Ninasoma

Shangazi yangu alikuwa akipiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli, meza ya dirishani, mwaka wa kumi na tisa huo. Mimi nilikuwa meza inayofuata. Siku moja bunda la mashuka lilidondosha kitabu chembamba. Mgeni aliyekisahau alikuwa keshaondoka, na alipopigiwa simu akasema kitupwe. Shangazi akakitupia mfukoni mwa aproni yake.

Kilikuwa kitabu cha hadithi fupi, fupi kwelikweli, nyingine mistari mitatu tu. Kuna mtu aliyerudisha kivuli chake dukani kwa sababu kinambana. Kuna mji uliopoteza neno “kesho”, waliogombana wakalazimika kupatana jioni ile ile. Shangazi alisoma moja kila pasi ilipokuwa ikipata moto, akacheka peke yake, akarudi kwenye kola za mashati. Hakuna shati aliloliunguza.

Lakini msimamizi wetu, bwana mwenye funguo nyingi kuliko milango, hapendi kicheko asichokijua chanzo chake. Akaleta fomu: anayetaka kusoma kazini aandike anasomea nini. Asiyesomea kitu akikutwa na kitabu, atahamishiwa nyuma kwenye mashine, kunakochambuliwa mashuka machafu.

“Andika upishi, shangazi, yaishe,” nikamwambia. “Nani atakuja kukupa mtihani?”

Akanikata jicho. “Baba yako alisomea uhasibu. Baba yako mdogo akasomea ualimu. Mimi nilitolewa darasa la nne niwafulie sare zao. Leo nimepata cha kusoma kisicho na mtihani, halafu niseme uongo kama mwizi?”

Nilinywea. Diploma yangu imetundikwa ukutani, na tangu niipate sijafungua kitabu.

Fomu yake aliijaza kwa herufi kubwa. Msimamizi akaisoma kwa sauti ili tumcheke: “Sisomei. Ninasoma.” Hakucheka mtu.

“Mama, hii si sababu.”

“Kwani nimeandika sababu, baba? Nimeandika jibu.”

Kesho yake akapelekwa nyuma. Miaka kumi na tisa mizima ya kusimama dirishani, kisha mtu anaondolewa kama ndoo! Nilipandwa na hasira mpaka nikaunguza shati la mgeni, na mimi wala sikuwa na kitabu.

Saa ya mapumziko nikamfuata, nikijua nitamkuta analia. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miwani puani.

“Hili limashine likianza kuzunguka ni dakika arobaini, mwanangu,” akasema. “Kule pasi ilinipa hadithi moja moja. Huku nazila kumi kwa mkupuo. Vuta ndoo ukae.”

Akanisomea ya mlango uliogoma kufunguka mpaka uombwe msamaha kwa sababu ulibamizwa. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na kicheko kilipoisha machozi hayakuisha. Shangazi alijifanya hayaoni. Akafunua ukurasa mwingine, akanipa kitabu. “Soma wewe sasa, macho yangu yamechoka.”

Jumatatu msimamizi alikuta fomu saba mezani kwake, yangu ikiwa juu. Zote zina maneno mawili yale yale ya shangazi, na mashine huko nyuma ziko mbili tu.