Doti Niliyomnunulia Zuhura

Jamani, mimi nimechoka. Tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa, jirani na Kilangali, sijapata kuzungumza na Zuhura wangu bila mama yake kuwa katikati. Hata kwenye shamba la kijiji, tukigawana mistari ya palizi, mama yule hujipachika kati yangu na binti yake, jembe mkononi, masikio wazi.

Basi nikaenda Kilosa mjini, nikamnunulia Zuhura doti ya khanga nyekundu. "Jumatatu uivae," nikamwandikia kwenye kikaratasi nilichokificha ndani yake, "nikutambue ndani ya mahindi."

Juzi Jumatatu nikaiona ile khanga imeinama peke yake kwenye mahindi marefu. Nikanyata kama mwizi, nikanong'ona kwa nyuma, "Mpenzi, tutorokee Mikumi. Huyu mama yako atatuzeesha."

Mjinga mimi, nilisahau kwamba doti ni khanga mbili, na binti mwenye adabu, moja humpa mama yake.

Khanga ikanyooka taratibu. Mama Zuhura akaweka jembe chini, akafuta jasho kwa pindo la zawadi yangu, akanitazama.

"Marahaba," akasema, ilhali shikamoo sikuwa nimempa.