Pumzi Chini ya Magitaa

Wenzake katika kituo cha redio walimwita Sikio. Kila alasiri alipima albamu mpya hewani bila kumwonea mtu haya, na msanii aliyesifiwa naye alilala usingizi mnono.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya mwanawe wa pekee. Tangu wamzike mama mtu, kijana hakuwa amempigia babaye simu. Mama alipokuwa akikata roho, baba alikuwa hewani, na hilo halikumezeka. Sasa alikuwa amemtumia albamu ya posti-roki, muziki wa majaribio usio na mwimbaji, magitaa yakipanda taratibu kama mafuriko, na ujumbe mmoja: "Sema ukweli tu, baba. Nitasikiliza."

Fundi mitambo alimtania kwamba leo mizani itaegemea nyumbani. Sikio akacheka kidogo. Hakumwambia kwamba alisikiliza dakika chache tu, moyo ukamuuma, akazima, akijiambia kwamba ukionja kijiko umeonja chungu kizima. Alipofungua kipaza sauti, sifa zilimtiririka. Kisha akapiga wimbo wa mwisho.

Katikati, magitaa yalinyamaza. Kituoni kuna mtambo unaolinda hewa: kimya kikizidi, hudhani matangazo yamekatika, ukarusha chochote kilicho karibu. Mara tangazo la sabuni likaingia, wanawake wawili wakiimba habari za mashuka meupe.

Fundi alirukia vitufe, akauzima ule mtambo. "Kaka, mbona hukuniambia kuna kimya?"

Sikio alivaa spika za masikioni, akarudisha wimbo nyuma. Chini kabisa ya kile kimya palikuwa na pumzi. Inavuta, inakwama, inavuta tena. Aliijua, alilala ubavuni pake miaka yote ya ndoa.

Simu ya studio ikawaka.

"Hukuwepo, nikakurekodia," mwanawe alisema, bila ukali. "Hiyo sehemu ilikuwa yako."

"Mwanangu, naurudia sasa hivi."

"Acha, baba. Maoni yako nimeshayasikia."

Akakata.

Sikio aliwaambia wasikilizaji kwamba amewadanganya. Albamu hakuwa ameisikiliza hadi mwisho. Akauanza wimbo upya. Kimya kilipofika, watu wakapiga simu kuuliza kama redio zao zimeharibika. Fundi aliwajibu kwa upole kwamba ni nzima, huku nyuma ya kioo rafiki yake ameinama, ameshika spika masikioni kwa mikono miwili, akingoja pumzi ivute tena.