Nyuzi za Tate

Kila nikimenya chungwa, harufu ya maganda hunirudisha Louisville, na aibu hunishika hata nikiwa peke yangu jikoni. Siku hizi naishi Columbus, nina kazi yangu na nyumba yangu, watu huniona mtu mzima wa maana. Jambo hili sijawahi kumsimulia mtu, kwa hiyo nivumilieni.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na huo ulikuwa mwaka wetu wa pili Marekani. Baba na Mama walishinda ghalani wakipanga maboksi, nami nilibaki na bibi yangu, ambaye sote tulimwita Tate. Jirani yetu, Bibi Karol, alikuwa mjane Mmarekani mwenye kamera ndefu kama mchi, na alikuwa amepagawa na ndege aitwaye orioli. Dume wake ana kichwa cheusi na kifua cha rangi ya chungwa. Baridi ikiisha tu, Bibi Karol alikata machungwa nusu nusu, akayapigilia kwenye mti wake kwa misumari, akaweka na jamu ya zabibu kisahanini, kisha akakaa kitini kuwangoja. Mama alisema ndege wa nchi hii wanakula vizuri kuliko sisi tulivyokula katika kambi ya wakimbizi.

Ndege wale walikula kwa Bibi Karol, lakini kiota walikuja kujenga kwetu. Aliyewavuta ni Tate. Kule milimani Kivu Kusini alikuwa msusi wa vikapu, na alipomwona jike akivutavuta uzi wa zulia tulilolianika, alijua mara moja anachotafuta. Alifumua kitenge chake cha zamani cha buluu, akakata nyuzi fupi fupi, akazitundika uzioni. Kila alasiri alikaa mkekani, miguu peku, akimtazama jike akisuka mfuko wake ulioning'inia tawini. Alimsifu akifanya vizuri, akamkosoa akilegeza. Dume kazi yake ilikuwa kuimba tu, na Tate alisema wanaume wa aina hiyo anawajua. Tangu tufike sikuwa nimemsikia akicheka vile.

Nami nilimwonea haya. Basi la shule lilisimama mbele ya ua wetu kabisa, na wenzangu walichungulia dirishani wakamwona mwanamke mzee amekaa chini, anaongea na mti, nyuzi zinapepea. Siku moja mtoto mmoja aliuliza kama bibi yangu ni mchawi. Basi zima likacheka, nami nikacheka nao.

Alasiri hiyo hiyo Bibi Karol alikuja uzioni. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa nyumba. Maneno ya daktari, ya mwalimu na ya mwenye nyumba yote yalipita mdomoni mwangu. Aliomba kwa adabu sana aruhusiwe kuja kukaa na Tate, apige picha kile kiota chenye nyuzi za buluu, na aonyeshwe jinsi zinavyokatwa. Alisema miaka yote hiyo hajaona kitu kama kile.

"Anasema nini?" Tate aliuliza.

"Anasema nyuzi ni uchafu. Uzitoe, na usikae tena huku inje."

Tate alimtazama Bibi Karol, aliyekuwa bado anatabasamu. Hakubisha. Maishani mwake alikuwa ameambiwa aondoke mahali pengi mno.

"Bon," alisema. "Hapa haiko kwetu. Mwambie nitazitoa."

Nikamgeukia Bibi Karol nikamwambia, kwa Kiingereza changu kizuri, kwamba bibi yangu hapendi wageni.

Tate alizifungua nyuzi moja moja, akakunja mkeka, akaingia ndani. Tangu siku hiyo alishinda mbele ya televisheni ambayo hakuielewa. Basi la shule likakuta ua mtupu, kama nilivyotaka.

Baada ya siku chache aliniomba nimfundishe namna ya kuomba radhi kwa Kiingereza. Sikumuuliza ya nini, kwa sababu nilijua. Nikamfundisha. Kila alipokwenda kutupa taka akamkuta Bibi Karol na kamera yake, akikipiga picha kiota kutoka upande wake wa uzio, aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema, "Sori." Bibi Karol alijibu kwamba hakuna neno, akidhani anaombwa radhi kwa kule kukataliwa. Waliendelea hivyo hadi Tate alipofariki, msimu wa baridi uliofuata. Walimpenda ndege mmoja, na hawakuwahi kukaa pamoja kumtazama.

Wakati ule niliona kama mchezo. Nilimsahihisha Tate hata matamshi. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kati yetu watatu pale uzioni, ni mmoja tu aliyepaswa kulisema neno lile, na ndiye aliyekuwa akimfundisha Tate kulitamka.