Biti ya Nane

Nilimwambia mama asiende mtoni. Hilo ndilo kosa lenyewe. Nimejaribu mara nyingi kulieleza kwa sentensi hiyo moja, na kila mara linatoka dogo kuliko lilivyokuwa.

Mama analima mpunga Tindiga, majaruba machache upande ambao mto ukifurika ndiko unakokimbilia kwanza. Mwaka ule masika yalikawia kuondoka. Mpunga wote ulikuwa umeshakatwa, umelazwa juu ya mabua shambani ukauke kabla ya kupigwa. Mpunga uliolala hivyo ukiingiliwa na maji hauna mjadala: tope linaingia kwenye punje, na baada ya siku tatu zinaanza kuota kama zimepandwa. Pa kuuokolea ni kichuguu kikubwa kilicho katikati ya shamba. Mtu akijua mapema, saa moja inatosha kupandisha matita yote pale juu. Kwa hiyo kila masika mama alikwenda kuutazama mto asubuhi, mchana na jioni, zaidi ya kilomita moja kwenda tu, na goti lake la kulia lilikuwa limeshachoka na safari hizo.

Mimi nilikuwa Mikumi, kwenye kibanda cha kutengeneza simu kando ya barabara kuu. Sikusoma chuo. Ninayoyajua niliyatoa kwenye video nilizopakua bando likiwa la bei nafuu, na kwenye kitabu cha Kiingereza ambacho mtu alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa, kurasa nyingine zimekatika pembeni. Nilikisoma kwa kamusi. Ukurasa mmoja ungeweza kunichukua wiki, na mwisho wa wiki nisijue kama sijaelewa hesabu au sijaelewa lugha. Tena nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe safi. Nikikosea neno moja kwenye daftari nachana ukurasa. Nikiuchana naona daftari limepwaya, naanza jipya. Ujumbe wa simu wa kumwambia mtu nimefika salama naweza kuuandika mara nne.

Nadhani ndiyo maana nilipokutana na misimbo ya kusahihisha makosa niliipenda vibaya. Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba kuna namna ya kutuma kitu kupitia hewa chafu, kikaharibika njiani, na kikafika kizima.

Nilitengeneza kifaa. Mtoni nilisimika nguzo ya mti yenye alama kumi na tano, na sehemu ya kupimia ilijua maji yamefika alama gani. Kila baada ya nusu saa redio ndogo ilituma namba hiyo hadi nyumbani kwa mama, ambako kulikuwa na kiskrini kilichofungwa kwenye nguzo ya baraza. Alama ya kumi na moja ilikuwa ukingo. Maji yakifika hapo, bebeni mpunga.

Namba yoyote mpaka kumi na tano inaandikwa kwa biti nne, yaani sifuri na moja nne zilizopangwa. Ukizituma hizo nne peke yake, na kelele za hewani zikageuza moja kuwa sifuri, anayepokea hana habari. Anapokea namba nyingine na kuiamini. Basi unaongeza biti tatu za ulinzi. Kila mlinzi anachunga kundi lake na kuhakikisha idadi ya moja ndani ya kundi haiwi witiri. Biti moja ikigeuka, ukiwauliza walinzi wote watatu nani ana malalamiko, malalamiko yao yakiwekwa pamoja yanataja nafasi yenyewe: ni ya tano, ni ya sita. Unaigeuza, imepona. Siku nilipofanya kwa kalamu na ikatoka sawa nililia kidogo pale kibandani, na fundi mwenye kibanda akaniuliza kama nimeungua na risasi ya kuchomelea.

Lakini zikigeuka biti mbili kwa pamoja, walinzi wanadanganyika. Bado wanataja nafasi, tena kwa sauti ileile, ila wanataja nafasi isiyo na kosa. Dawa yake ni biti ya nane, inayochunga saba zote kwa pamoja. Haiwezi kurekebisha makosa mawili. Inachoweza ni kukwambia kwamba hapa mambo yameharibika kupita uwezo wangu, usiniamini. Nikaiweka. Ikitokea hivyo, skrini iliandika SIJUI.

Siku ya kukijaribu mbele ya watu, mjomba wangu, mdogo wake mama anayeendesha bodaboda Kimamba, alikuja kushuhudia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye skrini. Skrini ikasema SIJUI. Tukasubiri nusu saa tukinywa chai. SIJUI. Mara ya tatu ikatoa sita, mara ya nne SIJUI tena.

"Dada," mjomba akamwambia mama, "hiki si kifaa, hiki ni mtoto wa darasa la pili. Kila swali, sijui! Mchape viboko viwili uone kama hajui."

Mama alicheka mpaka akashika kanga mdomoni. "Mwache mwanangu, ndiyo anaanza."

"Anaanza nini? Injinia wa bando huyu! Bando likiisha, na elimu imeisha."

Hakuwa na ubaya. Mjomba akikupenda ndivyo anavyokusema. Mimi nilicheka pamoja nao, na moyoni nilikuwa nimesimama mbele ya darasa zima na sketi imechanika.

Asubuhi yake niliitoa biti ya nane. Nilijiambia sababu nyingi za kitaalamu: ujumbe mfupi haukai sana hewani, makosa mawili kwa mpigo ni nadra, betri itadumu. Zote zilikuwa za kweli kiasi. Sababu yenyewe ni kwamba sikutaka kitu nilichokitengeneza kiseme mbele ya watu kwamba hakijui. Mahali pake niliweka nyota. Kosa likitokea na kusahihishwa, namba ilitokea na nyota ndogo pembeni. Nilimweleza mama kwamba nyota ni alama ya kazi iliyofanyika vizuri. Kuanzia hapo skrini haikukosa jibu hata mara moja. Mjomba alipopita tena alisema, "Ehee, sasa amefaulu," na nikaona ni kweli.

Siku ya maji nilikuwa nimeomba ruhusa kazini ili nisaidie kupiga mpunga. Ilikuwa saa nne asubuhi, Tindiga jua linawaka, ila upande wa milima wingu lilikuwa jeusi na mara mojamoja kulikuwa na ngurumo za mbali. Skrini ilikuwa imesema nne, nne, tano. Mama alisimama barazani akitazama lile wingu, kisha akajifunga kanga kiunoni.

"Nafika mtoni mara moja."

Wakati huohuo mjomba akaingia uani na pikipiki yake, inakohoa kama kawaida, na skrini ikabadilika. Tatu. Na nyota.

"Mama, tatu," nikasema. "Yanapungua."

"Kimesema tatu?"

"Tatu. Na kimejisahihisha chenyewe, ona nyota. Goti lako hilo, usijisumbue."

Aliitazama skrini, akanitazama mimi. Nimeukumbuka mtazamo ule mara nyingi na siujui maana yake. Sijui kama aliniamini, au alinihurumia, au aliona aibu kumpinga mwanawe mbele ya mdogo wake. Akafungua kanga, akakaa, akammiminia mjomba chai.

Nusu saa baadaye skrini iliandika kumi na mbili.

Hapa ndipo ninaposhindwa kujieleza. Niliona kumi na mbili na nikafikiri kwamba hilo ndilo kosa. Mto hauwezi kutoka tatu kwenda kumi na mbili kwa nusu saa, na ile tatu ilikuwa na nyota, ilikuwa imekaguliwa. Kumi na mbili haikuwa na nyota. Kwa hiyo nilichukua bisibisi. Nilizima, nikawasha, nikakaza waya wa antena, nikafuta vumbi. Mama aliniuliza mara mbili, "Kinasemaje?" na mara mbili nilimjibu, "Subiri, mama, kimechanganyikiwa." Mjomba hakutania. Aliwasha pikipiki, akaelekea mtoni. Tulimsikia akirudi kabla hatujamwona, anapiga honi mfululizo.

"Maji! Dada, maji yako shambani!"

Tulikimbia. Maji yalikuwa kwenye vifundo tulipofika na kwenye magoti tulipoanza kubeba. Maji ya mto hayaji na kishindo kama watu wanavyodhani. Yanateleza kati ya mabua, yanainua matita taratibu na kuyageuza, kama mtu anayetafuta kitu chini yake. Tulipandisha tulichoweza. Labda theluthi. Mama alibeba kuliko sisi wote na goti lake lile, na hakunisemesha. Sijui kama ni hasira au ni pumzi.

Kifaa kilikuwa kinahifadhi biti kama zilivyopokelewa, kabla ya kusahihishwa. Kesho yake nilizisoma. Kumi na moja inakwenda hewani kama 0110011. Kilichopokelewa ni 1010011. Mbili za mwanzo zimegeuka, na walinzi wakanyoosha kidole kwenye ya tatu, ambayo haikuwa na kosa lolote. Ikageuzwa. Ikawa 1000011, na hiyo ni tatu safi kabisa. Ila 1010011 hiyohiyo ingeweza pia kuwa tatu ya kweli iliyoharibika biti moja, na tatu iko karibu zaidi. Kwenye karatasi tatu inashinda. Nisingeona tope kwenye nguzo ya mtoni na mpunga unaelea, hata leo ningetetea tatu. Na sijui nini kiligeuza zile biti mbili. Ngurumo, au pikipiki, au waya niliouchomelea kwa haraka. Nimejaribu tena na pikipiki na haikutokea.

Kwa siku tatu nilitafuta namna nzuri ya kumwambia mama kuhusu biti ya nane. Niliandika kwenye daftari, nikachana. Mwishowe nilimwambia vibaya, tumeinama juu ya turubai tukitenga mpunga uliolowa na uliopona.

"Mama, nilijua kinaweza kukosea hivi. Kulikuwa na kitu cha kutuonya, nikakitoa. Siku ile mjomba alipocheka."

Hakuacha kuchambua. "Kile cha sijui sijui?"

"Ndiyo."

"Siku ile kingesema sijui?"

"Kingesema. Biti mbili kingezigundua."

Akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Hebu nieleweshe. Viwili vilikosea."

"Ndiyo."

"Kikaviacha. Kikaenda kubadilisha cha tatu kilichokuwa sawa."

"Ndiyo, mama."

"Na hapo kilikuwa kimeharibika?"

"Hapana. Kilifanya kazi kama nilivyokiagiza."

Alitupa kiganja cha punje zilizoota upande wa kuku. "Mimi kikisema sijui ningekwenda kutazama. Kwenda kutazama ndiyo kazi yangu, mwanangu, hata kabla hujazaliwa." Baadaye kidogo akaongeza, "Ungeniambia tu." Sauti yake haikuwa kali. Ningependa ingekuwa kali, ningejua pa kuishika.

Mpunga ule uliolowa tuliuanika barabarani siku kadhaa. Mwingine uliota, mwingine ukapata rangi ya kutu. Nilipokuwa narudi Mikumi mama alinifungia ndoo ya mchele wake, na nilikataa, na akakasirika kwa mara ya kwanza tangu maji yaingie, kwamba nani kaniambia cha nyumbani kinakataliwa. Nikaupokea.

Niliupika jioni moja chumbani kwangu. Niliuosha maji manne. Nilikuwa sijamaliza kula mama alipopiga.

"Umeupika?"

"Nimeupika."

"Ukoje?"

Nilikuwa na jibu zuri tayari, nimelipanga tangu nilipokuwa naosha. Nililiangalia, nikaliacha.

"Unanuka tope, mama."

Kelele za mtandao zikapita katikati, mpaka nikadhani simu imekatika.

"Hata wangu," akasema. "Nimeweka nazi mbili, bado."