Samaki Aliyeanzia Mkiani

Mwanangu wa mwaka wa kwanza hapa shuleni, sogea hapa. Mimi mzee wako wa miaka kumi na saba bado naikumbuka ile wiki niliyotangaza darasani kwamba samaki wa ziwa letu anajengwa kuanzia mkiani.

Usicheke. Nilikuwa na ushahidi. Dada yangu Mapendo, anayefanya kazi kwenye maabara ya samaki hapa Uvira, aliniruhusu kutumia masini yake, kompyuta ya kazi, kwa ekspoze yangu ya biolojia, ile kazi ya kueleza mbele ya watu. Mle kuna programu inayochukua jeni za wanyama mbalimbali, zile zinazokaa jirani-jirani, na kuzipanga mstari chini ya mstari: kuku juu, panya katikati, samaki chini. Jeni za ukoo mmoja zinapewa rangi moja. Nilichagua zile zinazopanga mwili toka kichwa mpaka mkia. Kwa kuku na panya rangi zilifuatana sawasawa. Kwa samaki zilikuja kinyume, za mkia mbele, za kichwa mwisho. Sikumwuliza dada. Mvumbuzi anauliza nini? Nikatangaza, na prof, mwalimu wetu wa biolojia, akanipanga nieleze Jumamosi mbele ya wazazi, jina la dada likiwa juu ya karatasi.

Ijumaa nikamwonyesha karatasi hiyo mama, ambaye anauza samaki wa mikebuka sokoni Kilibula. Aliitazama huku akipanga samaki kwenye beseni.

"Huyu wa chini umemulaza vibaya."

"Mama, hii ni jeni, haiko samaki."

"Weye, minye napanga vichwa vyote upande moja, muteja apate kulinganisha. Kichwa cha huyu kiko kwenye mikia ya wengine. Nani alimugeuza?"

Nilikimbilia maabara. Mstari wa samaki ulikuwa umesomwa kutoka mwisho, basi. Dada akabonyeza mara moja, ukageuka, rangi zikakaa sawa na za kuku na panya.

"Ungesema hivyo kesho," akaniambia, "shefu wangu wa maabara angenifukuza pamoja na mkia wako."

Lakini sasa tukaona kitu: rangi moja ya kuku haikuwa na mwenzake kwa samaki, yaani jeni ambayo samaki hakuwa nayo pale. Hiyo ndiyo niliyoeleza Jumamosi, baada ya kuonyesha kosa langu kwanza. Darasa linaniita Mkia mpaka leo. Nimezoea, ninaitika.

Basi mwanangu, programu itakuchorea lolote utakaloipa, na itachora vizuri sana. Kabla hujasema wanyama wawili wanatofautiana, walaze wote upande mmoja. Tofauti itakayobaki hapo ni yako, itetee bila woga. Mungu akupe macho ya mama yangu, umeme usikatike kabla hujahifadhi kazi, na wenzako wakupatie jina zuri kuliko langu.